Aliyecheka Kwenye Kaburi la Mtani

Kwamsisi, Handeni
9 Februari 1958

Mwanangu Yordani Semboja,

Kabla sijasema langu, pokea salamu za hapa nyumbani, maana wote wamenizunguka na kila mmoja anataka aone jina lake linaandikwa. Bibi yako Amne anakusalimu, magoti yake ni yale yale, asubuhi hayanyooki mpaka yasuguliwe mafuta ya nyonyo, lakini mdomo mzima, jana kamfukuza mbuzi wa jirani kwa matusi matupu. Dada yako Hilaria anakusalimu. Shemeji yako Filemoni anakusalimu na kuuliza kama mkonge unachoma kweli au mnatetea uvivu. Hiza mdogo anakusalimu, ameota meno ya mbele na ameshamuuma kila mtu. Mjomba wako Mikaeli anakusalimu pamoja na kikohozi chake. Mimi mama yako ninaendelea, usingizi tu ndio umenikimbia, nao umekimbilia huko kwako.

Usinicheke mwandiko. Darasa la pili la misheni halimpi mtu mkono mzuri, lakini sitaki mtu aniandikie. Mambo yangu na wewe hayataki mdomo wa tatu.

Mbaruku muuza tumbaku, yule wa baiskeli, amerudi kutoka Korogwe anasema manamba wa mashamba ya mkonge wananong'ona kugoma. Anasema pia hapo kwenu Kwemkuyu mashine imemla Mngoni mmoja mkono. Ni kweli? Usinifiche. Ukinificha nitasikia kwa watu, na watu huongeza chumvi, nami nitalala macho na chumvi yao.

Baba yangu, babu yako Hiza, ni mmoja wa waliofyeka pori la hapo Kwemkuyu wakati wa Mdachi. Hakwenda kuomba kazi. Alikamatwa njiani akienda kutega kanga. Siku aliyoomba maji alilazwa kifudifudi mbele ya wenzake akachapwa viboko hamsa ishirini, na mpaka anakufa alikuwa halali chali. Mwingereza alipokuja, mkonge ukawa umefika hadi chini ya milima, reli inapita, taa zinawaka usiku kucha, watu wanasema Korogwe imekuwa mji. Babu yako alitema mate. Akasema, "Wanasifu kamba. Mimi naijua ilisokotwa kwa nini." Mimi nilikuwa binti mdogo nikadhani ni hasira za uzee. Sasa mwanangu yuko mle mle.

Rudi, baba. Shamba la mahindi la marehemu baba yako Semboja lipo, halina mtu. Kama hurudi, basi jifunge nguo vizuri ukikaribia ile mashine, usivae shati lenye mikono mipana.

Na huyo mtani wako Valerian, mwambie mama Mzigua anasema hivi: punda wa Unyamwezi wamemaliza kubeba pembe, sasa wamebaki kubeba uvivu. Msalimu sana.

Ni mimi mama yako,
Dorkasi


Kwemkuyu, Korogwe
23 Februari 1958

Mama,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya kukutuliza, maana najua umesoma jina langu tu kwenye bahasha ukaanza kulia.

Mwambie shemeji Filemoni aje alishe korona, hii mashine ya kukwangua mkonge, siku moja, jioni atakuwa anajikuna mpaka meno. Majani ya mkonge yanakuja kwa toroli, mimi nayatandaza kwenye mkanda, mashine inayameza, inaponda, inakwangua, upande wa pili zinatoka singa nyeupe kama nywele za bibi Amne. Wanawake wanazibeba kwenda kuzianika kwenye nyaya. Ukisimama mlimani unaona uwanja mzima umefunikwa singa, utadhani mji umefuga ndevu. Kisha zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, treni inakwenda nazo Tanga, na kutoka Tanga Ulaya, wakafungie meli zao. Sisi tunabaki na maji ya kijani yanayonuka na kelele. Kelele hizo, mama, hata wasiwasi wako hausikiki.

Ya yule Mngoni ni kweli. Aliteleza. Tulipiga kelele mashine isimamishwe, na mnyapara wetu Kibwana akasema haisimami mpaka toroli liishe. Kwa hiyo haikusimama. Singa za mchana ule zilitoka na rangi, na wanawake wakaambiwa wazianike hivyo hivyo. Ndiyo maana kesho tunagoma. Hatutaki makubwa. Tunataka mashine isimame mtu akishikwa, na Kibwana aache kutembea na rungu kati yetu kama mchunga ng'ombe. Rungu lenyewe ni la mpingo, kichwa chake kama ngumi ya mtu mnene.

Valerian amesomewa salamu zako. Amejibu, nami naandika neno kwa neno: "Mwambie mama Mzigua nitakuja Kwamsisi, lakini asije akaniuza kwa kikapu cha mtama kama babu zake walivyouza watoto wakati wa njaa." Nikamwambia punda huyu nitamuua kabla mahindi yake hayajaiva. Akasema, "Uniue leo, ili kesho nisione sura yako korona." Ndivyo tunavyoanza kila siku.

Ameoa, nilikuambia? Anaitwa Justa, Mrundi, amekuja juzi tu kumfuata kaka yake na Kiswahili amekiokota hapa kambini. Kwao watani hawana. Jana nilimwambia Valerian mbele yake, "Nikikuzika, mke huyu nalala naye mimi." Binti akaokota mchi! Nikakimbia mpaka chooni. Valerian alicheka akakaa chini. Nikamwambia mweleze mkeo bwana, ataniua. Akasema, "Simwelezi ng'o. Nataka nione atakupiga lini."

Ukisikia tumegoma usiogope.

Mwanao mtukutu,
Yordani


Kwamsisi
14 Machi 1958

Yordani,

Hakuna barua. Wote hapa wazima, sina mkono wa kuwataja leo.

Mbaruku amekuja na habari za damu. Anasema askari waliingia Kwemkuyu kwa malori, watu wamepigwa, mtu amekufa, na Mzigua mmoja amechukuliwa na pingu. Nikamwuliza Mzigua gani, akajifanya anafunga mnyororo wa baiskeli. Nikamshika shati. Bibi Amne akamshika baiskeli. Akasema, "Mama Dorkasi, jina sikusikia," lakini macho yake yalikuwa yamesikia.

Andika mstari mmoja. Hata "mama, nipo." Hayo tu.

Dorkasi


Gerezani, Tanga
30 Machi 1958

Mama,

Shikamoo. Nipo. Mzigua yule ni mimi.

Barua hii anaisoma bwana jela kabla yako, kwa hiyo yapo nisiyoyaandika.

Tulikuwa tumekaa chini uwanjani mbele ya korona, hakuna aliyeshika hata jiwe. Malori yakaja. Askari wa kofia za chuma wakashuka, na walinzi wa shamba nyuma yao. Ukatupwa moshi wa kutoa machozi. Watu wakakimbilia kwenye nyaya za kuanikia, kukawa ni singa na nyaya na watu, singa zinawazonga shingo na miguu, wanaanguka kama samaki wavuni, na marungu yanawafuata pale pale chini. Nilisikia mifupa, mama. Nilikuwa sijui kwamba mfupa una sauti. Mwanamke mmoja muanika singa alikuwa amenaswa kwa nywele. Valerian alikuwa ameshatoka, mzima kabisa, akarudi kumnasua. Ameinama, anafungua uzi, akapigwa kwa nyuma. Niliona aliyempiga. Jina lake silitii humu.

Alifia mkononi mwangu, damu inamtoka sikioni, anataka kusema kitu. Ninavyomjua lilikuwa tusi.

Kesho yake tukamzika. Wanyamwezi wenzake wamekimbia porini au wamefungwa, mtani wa karibu ni mimi. Basi ningefanyaje, mama? Mzigua akifiwa na mtani hakai mkekani kulia na wafiwa. Nilivaa koti lake. Nikatembea kama alivyotembea yeye, nyayo zinatazama nje. Nikaingia kaburini nikajilaza, nikasema sitoki bila jogoo. Nikasimama mle shimoni nikapaza sauti, "Msihangaike kumtafuta muuaji! Ni mimi nimemuua huyu punda, alizidi kukoroma! Na mjane kuanzia leo ni wangu!" Waliojua walicheka huku wanajifuta macho. Mimi nilikuwa nalia ndani ya kola ya koti.

Justa hakucheka. Kibwana pia hakucheka, alikuwa anamtazama Justa.

Alfajiri wakaja kunichukua. Mjane ameapa mbele ya inspekta kwamba alinisikia nikikiri kaburini, na kwamba hata kabla nilishatishia kumuua mumewe na kumchukua yeye. Na kila alichokisema, mama, nilikisema kweli.

Kesi ni ya kuua. Unajua adhabu yake. Usije Tanga, hawatakuruhusu kuniona. Niombee tu.

Yordani


Kwamsisi
9 Aprili 1958

Kwa Justa, mke wa marehemu Valerian, kambini Kwemkuyu. Barua hii anaileta Mbaruku mkononi.

Nakupa pole ya msiba. Nimeitoa, sasa sikia.

Umemfunga mwanangu. Wewe binti, uliyekula chakula cha mumeo pamoja naye, umekwenda kusimama mbele ya Mzungu ukaapa kwamba amemuua. Huna masikio? Hukuona watu wazima wanacheka? Ulidhani watu wa kambi nzima wameingiwa na wazimu, wanamchekea muuaji? Ule ni utani! Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja akifa mwenzake huja akatukana maiti, akadai kuku, akasema nimeua mimi. Hata mtoto Hiza wa hapa kwangu, aliyeota meno juzi, anajua. Ungeuliza! Ungemwuliza mpishi wa pombe, ungemwuliza mchota maji, yeyote!

Mume sina, nilimzika. Mtoto wa kiume ni huyo mmoja. Watamfunga kitambaa usoni na kamba shingoni, na kamba yenyewe labda ni ya mkonge alioulisha kwa mikono yake. Utakula? Utalala?

Nenda kaseme ulikosea. Nenda leo.

Dorkasi, mama wa Yordani


Kwemkuyu
4 Mei 1958

Mama Dorkasi,

Shikamoo. Kiswahili changu kidogo, nivumilie.

Umeniita mimi sina masikio. Masikio yangu ndiyo shida. Kwetu Urundi mtu akisimama juu ya maiti akasema nimemuua mimi, hakuna anayemwuliza mara ya pili. Nilikuwa nimefiwa tangu jana yake, sijala, na mtu amevaa koti la mume wangu anatembea kama mume wangu, watu wanacheka. Mimi nilitaka kufa pale. Kibwana akaja akasema, umesikia kwa masikio yako? Nikasema nimesikia. Akasema, basi twende kwa inspekta. Akanishika mkono mpaka ofisini.

Sasa nakuambia jambo. Valerian nilimwosha mimi. Kisogoni palikuwa pamebonyea, mviringo, kama ndani ya bakuli. Yordani alikuwa na mikono mitupu. Inspekta hakuniuliza habari ya kisogo, na Kibwana alikuwa amesimama mlangoni muda wote, basi nikanyamaza.

Kibwana amesema mradi sibadili neno, chumba hiki ni changu. Wake wa wagomaji wengine walitupwa nje na vyungu vyao siku ile ile. Mimi kaka yangu yuko jela. Kwetu ni mbali.

Niambie kitu kimoja, na usinifokee. Kama mwanao alimpenda Valerian, kwa nini alicheka?

Justa


Kwamsisi
15 Mei 1958

Justa mwanangu,

Nimesoma barua yako nikaona haya. Nilikufokea kama vile ulizaliwa Handeni. Mumeo naye Mungu amrehemu, alipaswa kukueleza, lakini alipenda mzaha kuliko usalama, ndivyo walivyo.

Nikujibu ulivyouliza. Siku tunamzika Semboja, baba yake Yordani, mimi nilikuwa kama gogo. Silii, sili, sisemi. Wanawake wananitikisa, wapi. Walishaanza kusema nitamfuata. Akaja Ernesti, Mnyamwezi aliyehamia hapa zamani, fundi wa baiskeli. Kajitanda shuka la kitanda chetu, kaingia kaburini kwa mume wangu, akajinyoosha. Akasema, "Huyu Mzigua nimemmaliza mimi kwa dawa ya Tabora! Na nimeacha mjane, nani ananunua? Lakini semeni haraka, mguu wake mmoja ni mfupi!" Justa, nilivua kiatu nikamtupia. Nikamtukana tusi ambalo sikujua kama ninalo tumboni. Na tusi lilipotoka, kilio kikatoka nyuma yake, nikalia mpaka sauti ikakauka. Wakanipa uji nikanywa. Ernesti huyo nilimkuta nyuma ya zizi la mbuzi, amejifunika lile shuka, analia kuliko mimi.

Ndugu analia na wewe. Mtani anafanya kazi nyingine. Kifo kimekaa katikati ya watu, hakuna anayeweza kukishika, kila mtu anamtafuta wa kumchukia. Mtani anakinyanyua anasema ni changu hiki, nimekifanya mimi, nichukieni mimi, nitupieni viatu. Anakibeba mpaka nyinyi mpate nguvu. Sasa mwanangu amekibeba, na hakuna aliyempokea.

Mwenye kuua kweli hasemi kaburini, Justa. Anasimama mlangoni.

Sikuamuru tena. Ukisema ile habari ya kisogo watakutoa kambini, najua, na huenda wakakufanyia mabaya. Njia ya kuja Kwamsisi Mbaruku anaijua. Nitakupikia mimi mwenyewe. Nijulishe kwa upesi utakaloamua, hata kama ni hapana.

Dorkasi


Vugiri
12 Julai 1958

Mama,

Shikamoo. Mwanao yuko huru.

Nilisimama mahakamani Tanga nikasema yote. Ya kisogo, ya Kibwana kunishika mkono, na kwamba utani nilikuwa siujui. Wakili wa Serikali akaniuliza kama nimehongwa. Jaji akawageukia wazee wa baraza, akawauliza kama desturi hiyo ipo. Mzee mmoja Mbondei alicheka pale pale kortini mpaka karani akamtazama vibaya. Akasema, "Bwana Jaji, kama maneno ya mtani ni ushahidi, basi mimi ningekuwa nimenyongwa tangu ujana, na aliyenizika angenyongwa baada yangu." Watu wote wakacheka, hata askari. Wakamwachia Yordani.

Kibwana hakuulizwa kitu. Wamesema marungu siku ile yalikuwa mengi.

Niliporudi Kwemkuyu kuchukua vitu vyangu nilivikuta tayari viko nje, ndani ya maji ya korona. Kibwana alikuwa ananingoja pamoja na walinzi wawili. Mmoja alinishika huku na mwingine huku, yeye akanipiga na mpini wa lile rungu mdomoni. Akasema, "Mdomo uliosema kortini nauona una kelele." Meno ya mbele yametoka yote. Nilitambaa mpaka barabarani. Mama mmoja wa Vugiri aliyekuwa ameleta ndizi sokoni ndiye aliyenipakia kwenye lori, niko kwake, namlimia.

Yordani alinitafuta mpaka huku. Alisimama mlangoni akatazama mdomo wangu. Mimi nilitaka kumchangamsha, mama, nikajaribu kumtania, mara yangu ya kwanza. Nikamwambia, "Mzigua wewe, ulisema utanichukua, haya nichukue sasa, siwezi hata kukuuma." Nilidhani utani nimeupata vizuri.

Hakucheka. Aliniuliza Kibwana siku hizi anakaa nyumba ipi, ile ya zamani au amehama. Nikamwambia kabla sijafikiri. Ameondoka. Mama, nimekosea kumwambia?

Justa


Korogwe
21 Julai 1958

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya. Nimetoka gerezani kwa neema ya Mungu na ninakushukuru kwa maombi yako yote.

Sitaweza kuja nyumbani kwa sasa kwa kuwa nina shughuli ndogo ya kumaliza hapa. Naomba unisamehe kwa kila nililokukosea tangu nikiwa mtoto. Lile shamba la baba apewe shemeji Filemoni alilime. Wasalimu wote kwa heshima.

Mwanao mtiifu,
Yordani Semboja


Nyumbani kwa mnyapara Kibwana
Kambini Kwemkuyu
2 Agosti 1958

Yordani,

Umeona juu hapo nimeandika wapi? Soma tena. Ndiyo, ni huko huko.

Barua yako ilinitisha kuliko ile ya gerezani. Ile ya gerezani ilikuwa na mwanangu ndani. Hii haina tusi hata moja. Umeniomba radhi. Wewe! Uliyenifichia viatu vyangu Jumapili ya Pasaka ukasema vimekwenda Mombasa! Mtu anayesema nitaua huku anacheka namfahamu, nimemzaa. Huyu "mtiifu" simfahamu, na shamba analigawa kama mtu aliye kitandani anaagana.

Nilifunga khanga nikatoka. Bibi Amne alisema, "Nenda, mimi ningekwenda ila magoti." Mbaruku alinibeba kwenye baiskeli mpaka nikaona huruma, nikatembea, halafu tukapata lori la mbao. Nilipofika hapa Kibwana alikuwa anakula. Nikamwambia, "Mimi ni mama yake Yordani. Wewe umemuua Valerian na umemvunja mjane meno. Sikuja kukusamehe, hata usidhani. Nimekuja kukaa mlangoni kwako." Akasema, "Bibi, umechanganyikiwa." Nikasema, "Inawezekana. Lete kigoda." Mkewe akaleta, mumewe akiwa anamkodolea macho.

Siku ya kwanza alitaka walinzi wanibebe. Mama yake, kikongwe kipofu, akatoka akapapasa mpaka akanipata uso, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia mwanangu anakuja kumkata mwanao. Kisha akamwambia Kibwana, "Anayemgusa mwanamke huyu amenigusa mimi." Tangu hapo wananipita kwa ubavu. Humu ndani, ili ujue unakokuja, yumo huyo kikongwe, yumo mke mwenye mimba, wamo mabinti mapacha wanaolala karibu na mlango kwa ajili ya joto.

Mlango ni huu mmoja na mimi ndiye kizingiti. Nalala hapo hapo. Ukija na panga utaanza na mimi, au utaniruka. Unajua kwetu anayemruka mama yake anabeba laana gani. Hakuna mtani wa kabila lolote atakayekuja kucheka kwenye kaburi lako.

Mwanangu, usidhani namlinda Kibwana. Kila asubuhi anapotoka namtazama usoni mpaka ainamishe kichwa, na moyoni namwona ameanguka kwenye nyaya, amezongwa singa, hakuna wa kumnasua. Nikiambiwa kesho kwamba korona imemla, Mungu anisamehe, nitakula ugali wangu nikamaliza. Lakini kwa mkono wako, hapana. Wameshajaribu mara moja kukunyonga kwa kifo ambacho si chako. Usiende kuwapelekea kilicho chako.

Justa ameteremka kutoka Vugiri jana. Alinikuta hapa, akaitazama ile nyumba muda mrefu, akasema kwa huo mdomo wake, "Mama, sogea." Akakaa. Mjane wa Valerian, Yordani, amekaa kwenye mlango wa aliyemuua mume wake, mgongo wake umeegemea bega langu la kulia ninavyoandika. Usiku analala ameshika ncha ya khanga yangu. Mimi nina umri wa kufa, lakini yeye umwonee huruma.

Tuna mpango, na wewe ndiye mtu wa tatu tunayemhitaji, ukiwa mzima na mikono mitupu. Yule mwanamke aliyenaswa nywele yupo, amepatikana Hale, alimwona aliyepiga. Anaogopa. Hatazungumza na Mzungu yeyote mpaka umfuate wewe, kwa kuwa Valerian alikufa akimnasua yeye na wewe ndiye uliyekuwa umemshika. Huenda wakatusikiliza, huenda wasitusikilize. Tutakwenda hata hivyo.

Mgongo umeniuma na uji wa nyumba hii hauna chumvi wala sukari. Jibu haraka, mwanangu, leo hii ukiipata, kabla jua halijazama. Usipeleke barua Kwamsisi, sipo. Mpe yeyote anayekuja kambini, umwambie ailete mlangoni kwa Kibwana, kwa wale wanawake wawili waliokaa chini. Na humo ndani, tafadhali baba, nitukane kidogo.

Mama yako,
Dorkasi